Mtoto wa korali na piano ya Ray Lema



Wazazi wengi wananiuliza swali moja, nami nimeona vema nilijibu hapa ili tulisikie wote pamoja. Wanasema: "Mwalimu, mtoto wangu anapenda klavye ya korali kuliko madaftari. Muziki utamlisha nini?" Swali hilo si la ujinga. Katika Goma yetu, ambako lava ya Nyiragongo ilishuka mwaka 2002 na tena 2021, na ambako vita imehamisha jamaa nyingi, mzazi anahesabu kila franka kabla ya kuitoa. Kwa hiyo sitatoa mashauri matupu. Nitawaeleza habari za Mkongomani mmoja, tuone ndani yake kuna nini kwa watoto wetu.

Ray Lema alizaliwa mwaka 1946 huko Lufu-Toto, upande wa Bas-Congo. Angali mtoto aliingia seminari ndogo ya Mikondo, Kinshasa, akitaka kuwa padri. Mapadri walitambua kwamba ana masikio ya muziki, wakamkalisha kwenye ogani. Akajifunza nyimbo za Misa za Kigregori, kisha Bach, Mozart na Chopin. Mara ya kwanza alipopiga piano mbele ya watu, alipiga ile sonata ya Beethoven iitwayo ya Mwanga wa Mwezi. Upadri hakuufikia. Alienda chuo kikuu kusoma kemia, lakini muziki ukamshinda.

Mwaka 1974 aliwekwa kuwa mwongozi wa muziki wa Ballet ya Taifa ya Zaire. Kazi hiyo ilimzungusha nchini kutafuta wapiga ngoma na waimbaji wa makabila mbalimbali. Fikirini: kijana aliyemjua Bach anakaa mbele ya wazee ambao muziki wao haukuandikwa popote. Ilimbidi awe mwanafunzi tena. Mwaka 1979 alikwenda Marekani kwa msaada wa shirika la Rockefeller Foundation, baadaye akakaa Ufaransa. Huko amefanya muziki na waimbaji wanawake wa Bulgaria, na Wagnawa wa Moroko, na orkestra ya jazz ya São Paulo. Mwaka 2004 alitoa diski ya piano peke yake, Mizila. Mwaka 2016 yeye na mpiga jazz Laurent de Wilde walitoa Riddles, piano mbili zikisemezana.

Sisi walimu wenye diploma tunafaidika na habari hii. Ogani ilimpa nidhamu ya vidole, lakini hesabu ya ngoma aliipata kwa wazee. Mambo hayo mawili hayagombani. Darasani tunajaribu bila chombo chochote. Tunahesabu pamoja mpaka sita, tena na tena. Upande wa dirisha wanapiga makofi kwenye moja, tatu na tano. Upande wa mlango wanapiga kwenye moja na nne. Hapo tatu inatembea juu ya mbili, na mtoto asiyemsikiliza mwenzake anapotea mara moja. Wapiga ngoma wetu wanaishi ndani ya hesabu hiyo, na Chopin naye aliiandikia piano. Hata wale wasiopenda hesabu wanashika sehemu kwa sehemu siku hiyo.

Sasa nataka kusema juu ya wasichana. Tazameni korali nyingi za mtaani: wasichana wanaimba, wavulana wanashika vyombo. Si kwa sababu msichana hana vidole. Mazoezi yanafanywa jioni, na jioni yeye yuko kwenye maji na bidoni, au jikoni, au amebeba mdogo wake mgongoni. Ninaye mwanafunzi mmoja ambaye akisikia wimbo mara moja anautafuta kwenye klavye mpaka anaupata. Mwaka huu anafanya mtihani wa Serikali, na nyumbani walimkataza kabisa kwenda mazoezi. Nilienda kuwaona wazazi wake. Sikuwaambia kwamba binti yao atakuwa Ray Lema, kwa maana hakuna ajuaye. Niliomba saa mbili za siku ya Posho mchana, na kaka yake achote maji siku hiyo. Baba alinyamaza sana. Mama ndiye aliyesema: "Tujaribu hadi mwisho wa muhula, tuone pointi zake." Bado tunangoja hizo pointi, na mimi ninaziogopa kuliko yeye.

Wengine watasema piano ni ya matajiri. Kule Kinshasa, Armand Diangienda, aliyekuwa rubani wa ndege, alianzisha mwaka 1994 Orkestra Simfonia ya Wakimbangu. Mwanzoni violini zilikuwa chache, watu wakapokezana zamu. Leo wanapiga Beethoven, na wanawake wako ndani. Chombo kimoja cha kanisa kinaweza kufundisha watoto wengi, kama kuna mtu mzima wa kupanga zamu.

Basi, mama wapendwa, muziki utamlisha mtoto nini? Pengine hautampa mshahara. Ray Lema mwenyewe alipita shuleni, na mimi sitamwambia mtoto yeyote aache masomo. Lakini mtoto aliyezoea kurudia mistari minne mpaka inyooke, atarudia pia somo la kemia. Muulizeni mwongozi wa korali yenu kama kuna zamu ya wasichana kwenye klavye. Akisema haipo, ulizeni tena juma lijalo, mkiwa wawili au watatu.