Sufu ya Limuru, Pamba ya Mombasa

Mwezi wa Julai Limuru hufunikwa na ukungu. Mji huo umekaa zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi watoto waendao shule huonekana njiani wamejikunyata ndani ya masweta yao, vidole vimefichwa katika mikono ya nguo. Mahali kama hapo kufuma si kazi ya kupitishia wakati tu. Aliyefuma vibaya huambiwa na baridi kabla ya kuambiwa na watu.

Bibi mmoja wa huko, mwalimu aliyekwisha kustaafu, aliwafumia watoto wake wote tangu kuzaliwa kwao hata walipomaliza shule. Alikuwa na daftari ambamo aliandika jina la kila mtoto, mwaka, na hesabu ya vitanzi vya kifua na vya mikono. Uzi alioujua ni wa sufu, wala hakukosea kuupenda. Unywele wa kondoo umejikunja kwa maumbile yake. Ukivutwa hunyumbuka, ukiachwa hurudi. Katika mikunjo hiyo hewa hunaswa, na hewa hiyo ndiyo imtiayo mvaaji joto. Tena sufu huweza kunywa unyevu kadiri ya theluthi moja ya uzito wake kabla ya kuonekana imelowa. Adui yake ni maji ya moto, sabuni na kusuguliwa, maana magamba madogo ya unywele hushikana yasiachane tena, na sweta la baba likatoka katika beseni likimfaa mtoto wa mwaka mmoja. Nyumba nyingi zina sweta moja la namna hiyo, limefichwa chini ya sanduku na yule aliyelifua.

Madukani siku hizi uzi wa akriliki umeisonga sufu pembeni. Ulianza kuuzwa kwa wingi katika miaka ya 1950, na sifa zake si za uongo: ni wa bei nafuu, haupendwi na nondo, hufuliwa bila ya hadhari nyingi, na rangi zake hung'aa. Sare nyingi za shule zimefumwa kwa huo. Lakini akriliki hainywi jasho, na ina kosa jingine ambalo halisemwi dukani. Ikiguswa na moto huwaka upesi, huyeyuka, na kile kilichoyeyuka hugandama katika ngozi. Sufu hushika moto kwa shida, na moto ukiondolewa aghalabu huzimika yenyewe. Katika nyumba ambayo watoto huota moto wa jiko la makaa jioni, tofauti hii ina uzito kuliko tofauti ya bei, na mzazi anayebana fedha angestahili kuijua kabla ya kulipa.

Binti wa bibi huyo aliolewa Mombasa. Mtoto wake alipotimiza miaka mitatu, bibi alipiga simu kusema kwamba ameanza kumfumia sweta.

"Mama, tafadhali usimletee sufu," binti alisema. "Huku itamtoa vipele."

"Basi bibi yake amfumie nini, mwanangu? Chandarua?"

Walicheka wote wawili, lakini bibi aliumia. Mkono uliowafunika watoto wote wa nyumba ile ulikuwa umeambiwa kwamba mjukuu hauhitaji. Kesho yake alishuka Nairobi akanunua uzi wa pamba mweupe, akafungua daftari lake, akatwaa hesabu za mama wa mtoto alipokuwa na umri ule, na ruwaza ile ile ya misuko, iliyopandana kifuani kama nywele zilizosukwa. Alifuma majuma matatu. Alipokwisha alilifua vazi, akalianika juu ya kamba kama nguo yoyote. Jioni alikuta limeshuka hata lingemfika mtoto magotini.

Pamba haikumdanganya, hakuiuliza. Uzi wake hauna mnyumbuko wa sufu. Ni mzito, na uzito wake ukiongezwa maji huuvuta kwenda chini, wala haurudi. Misuko nayo hula uzi mwingi, ikaongeza mzigo juu ya mzigo. Ruwaza zina kwao kama watu: iliyobuniwa kwa ajili ya sufu na upepo wa bahari ya kaskazini haina sababu ya kukaa vema juu ya pamba ya pwani yenye joto.

Na kuhusu ruwaza hizo za misuko, pana hadithi ipendwayo sana na wauzaji, kwamba katika visiwa vya Aran, Ireland, kila ukoo ulikuwa na ruwaza yake ili maiti ya mvuvi itambuliwe ikitupwa ufukoni. Asili ya hadithi hiyo hudhaniwa kuwa tamthilia ya J. M. Synge, *Riders to the Sea*, iliyochezwa mara ya kwanza mwaka 1904. Lakini aisomaye hakuti alama ya ukoo humo. Hukuta soksi ya kawaida, na msichana aliyeifuma akimtambua ndugu yake kwa sababu anakumbuka kwamba alianza na vitanzi 60 akaangusha vinne. Hesabu ya mkono mmoja kwa mguu mmoja yatisha kuliko nembo ya ukoo mzima. Daftari la Limuru lilikuwa kitu cha jamaa hiyo.

Bibi alilifumua vazi lote. Safari hii alianza na kipande cha kujaribia, jambo ambalo kwa sufu alikuwa ameliacha miaka mingi, kwa kuwa mkono wake ulijua. Katika sentimita 10 sufu ilimpa vitanzi 22. Pamba ilimpa 20. Vile vitanzi 132 vya daftari, vilivyokuwa kifua cha sentimita 60, kwa pamba vilikuwa vimetoa 66. Akaanza na 120. Akaiacha misuko, akachagua ruwaza ya matundu madogo ipitishayo upepo, isiyo na mikono, akakata urefu kidogo kwa kuwa alijua utashuka. Akaikausha imelazwa juu ya taulo. Ilipokwisha alimpigia binti yake.

"Nimemfumia chandarua," alisema.

Katika ukurasa mpya wa daftari aliandika jina la mjukuu, mwaka, vitanzi 120, na pembeni neno "pamba" akalipigia mistari miwili. Kipande cha kujaribia alikitia ndani ya kifurushi pamoja na vazi. Mtoto alikitwaa kwanza, kabla ya vazi, akamfunikia mwanasesere wake.