Matairi Manne ya Kwenda Sherbrooke

Novemba ilikuwa inaisha, nami nilitakiwa kumpeleka shangazi msibani Sherbrooke, kilomita kama 150 kutoka Montréal. Morogoro nimeendesha gari miaka tisa, kwenye vumbi na kwenye utelezi wa masika. Kwenye barafu sikuwahi kuendesha hata mara moja.

Aliyenizuia ni jirani yangu, mzee wa Kikongo kutoka Bukavu. Aliinama kwenye gari, akabonyeza tairi kwa kidole gumba.

"Mwanangu, na haya unaenda wapi?"

Nikamwonyesha meno ya tairi, bado marefu, mbali kabisa na kipara.

"Usitazame meno tu. Gusa mpira."

Niligusa. Mgumu kama kwato. Yalikuwa matairi ya kiangazi, na joto likishuka chini ya nyuzi 7 mpira wa aina hiyo huanza kukakamaa, ukashindwa kuing'ang'ania barabara. Mpira wa tairi la baridi umechanganywa ili ubaki laini hata kwenye kipupwe kikali, na meno yake yamechanjwa mipasuo myembamba mingi inayouma theluji. Sheria ya Québec inadai matairi ya baridi kuanzia Desemba 1 hadi Machi 15. Mwaka ule theluji iliitangulia sheria.

Dukani mzee alinifundisha kusoma ubavu wa tairi. Tafuta mchoro wa mlima wenye vilele vitatu, ndani yake chembe ya theluji. Herufi M na S peke yake hazitoshi. Kisha tazama tarakimu nne za mwisho za namba ya kiwanda: 3522, kwa mfano, ni wiki ya 35 ya mwaka 2022. Tairi lililokaa stoo miaka mingi linaweza kung'aa na mpira wake umeshachoka.

Muuzaji alitaka nichukue mawili ya mbele tu, kwa kuwa gari langu huvutwa na magurudumu ya mbele. Bei ilikuwa inauma, nikakaribia kukubali. Mzee akakataa katakata. "Mbele itashika, nyuma itateleza. Kwenye kona gari itageuka, itazame ulikotoka." Nikalipia manne. Yenye misumari tuliyaacha, maana barabara kuu ile husafishwa na kumwagiwa chumvi. Ningekuwa naishi kijijini, kwenye vilima vya barafu tupu, ningeyachukua.

Jioni alinipeleka kwenye uwanja mtupu wa kuegesha magari. "Enda 30, kanyaga breki." Nikakanyaga. Pedali ikatetemeka chini ya mguu, gari likaendelea kwenda, likaendelea, ndipo likasimama. Na hayo yalikuwa matairi mapya! Nilirudia mara kumi, mpaka mguu ukajua umbali ambao macho yalikuwa yanaukosea. Kuliondoa gari kwenye theluji si kazi kubwa. Kulisimamisha ndiyo kazi.

Tuliondoka alfajiri, tukavuka daraja la Samuel-De Champlain, tukashika barabara ya 10. Hadi Granby ni tambarare, nikaanza kuzoea. Baada ya Bromont vilima vikaanza, na karibu na mlima Orford lami ikawa nyeusi inayong'aa kama imelowa. Haikuwa maji. Niliondoa mguu kwenye mafuta taratibu, nikashika usukani bila kuukunja, sikugusa breki. Nyuma palicheza kidogo, pakatulia. Mbele yetu gari moja lilikuwa mtaroni, limetazama tulikotoka sisi, dereva amesimama pembeni, mzima. Shangazi alikuwa anasoma dua kwa sauti ya chini, naye hakunyamaza mpaka Magog.

Tulifika baada ya saa tatu, safari ambayo kiangazi haifiki saa mbili. Maiti ilikuwa haijatolewa.

Ndugu unayefika huku mwaka huu, tenga fedha ya matairi manne kabla ya fedha ya kochi na televisheni. Na kamata zamu kwa fundi Oktoba. Novemba ukichelewa, utaambiwa usubiri wiki kadhaa.