Tarakimu Nne Ubavuni

Mwaka jana niliandika makala ya matairi kumi bora ya gari la kasi, na wakati huo sikuwa nimewahi kununua tairi hata moja kwa pesa yangu. Mteja alikuwa ng'ambo. Mimi nilikuwa chumbani Mtongwe, stima imepotea, laptopu imebaki asilimia ishirini, nawaeleza watu wasionijua jinsi gari linavyoshika lami kwenye kona. Tangu niache chuo mwaka wa pili, hii ndiyo kazi yangu: naandika chochote ambacho mtu atalipia. Wiki moja magodoro, wiki nyingine bima ya mbwa.

Makala ile ililipwa. Mwezi wa tano, alfajiri, mvua inanyesha tangu usiku, nilikuwa nampeleka mama Kongowea sokoni. Tukiwa kwenye mteremko wa kushukia feri pale Likoni, foleni ikasimama ghafla. Nikakanyaga breki. Gari likaendelea kuteleza kimyakimya, kama sabuni kwenye sakafu, na mbele yetu kulikuwa na mkokoteni wa madumu ya maji. Mwenyewe alikuwa ameupa mgongo upande wetu. Tulisimama tukiwa tumebakisha kama urefu wa mkono.

Mama hakupiga kelele. Alingoja pumzi imrudie, akauliza, "Matairi haya si tulinunua Oktoba?"

Hapo lazima nikiri. Vitz ile ni ya mama, ameinunua kwa mkopo wa chama na bado analipa. Lakini Jumapili kadhaa, nikimwambia naenda kumwona rafiki Kisauni, nilikuwa kwenye kiwanja cha lami ambacho wanangu hukodi, wakapanga koni, mmoja akashika saa ya simu, na kila mtu akazunguka peke yake. Ukipiga koni unaongezewa sekunde mbili. Si mashindano ya kukuweka gazetini, ila mtu asiyewahi kusikia tairi likilia kwenye kona halafu gari likamtii, sijui nimweleze vipi. Vitz huvutwa na magurudumu ya mbele, kwa hiyo hayohayo mawili yanageuza, yanavuta na kubeba kazi kubwa ya breki. Mabega ya matairi ya mbele yalikuwa yameliwa hadi yakawa kipara. Mama alidhani ni barabara.

"Barabara mbaya, mama," nikamjibu. Uongo huo ulinikaa kooni mpaka Kongowea.

Nilikuwa na shilingi 30,000, malipo ya miezi miwili. Nikavuka kwenda Changamwe kwa mjomba, ambaye ana kibanda cha pancha upande wa Magongo, palepale malori ya bandarini yanapopita usiku na mchana. Njiani nilishafanya uamuzi. Kijana mmoja alikuwa anauza seti ya mtumba kutoka Japani, Bridgestone Potenza, jina ambalo nilikuwa nimelisifia kwenye makala yangu bila kuligusa. Manne kwa 16,000. Saizi yangu kabisa, 185/55R15: upana milimita 185, kimo cha ubavu asilimia 55 ya upana huo, rimu ya inchi 15. Kijana akanipa moja nikamwonyeshe mjomba.

Mjomba hakuangalia jina. Alilizungusha tairi, akapangusa vumbi ubavuni kwa kidole alichokilamba, akatafuta herufi DOT. Mwisho wa mstari ule kuna tarakimu nne: mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Hili liliandikwa 3114.

"Wiki ya thelathini na moja, elfu mbili na kumi na nne. Wewe wakati huo ulikuwa shule ya msingi." Akabonyeza kucha kwenye mpira. Haikuacha alama. "Ndani ya hizi nyufa, waona? Raba ikikaa juani hukauka. Meno imebaki nayo mengi, lakini imekuwa ubao."

Nikajitetea kwamba hili lina tredwea 200, laini, la mbio. Ile ni namba ya mfumo wa Marekani: ikiwa ndogo, kwa kawaida raba ni laini, inashika zaidi na kuisha haraka, ikiwa kubwa inadumu. Kila kampuni hujipimia yenyewe, kwa hiyo 200 ya huyu si lazima iwe 200 ya yule. Mjomba akanisikiliza hadi mwisho, kwa heshima kabisa, halafu akasema, "Ilikuwa laini ilipozaliwa. Na mamako akiwa ndani mvua inanyesha, itashika nini?"

Nikamwambia, basi niyaweke ya koni tu, Jumapili. Akaniuliza nina rimu nyingine nne. Sina. Nitalipa kila mara kufunga na kufungua? Sina pesa hiyo. (Ukiwa na seti ya pili ya rimu hesabu inabadilika. Mimi sina hata gari.) Hata kwenye Safari Rally kule Naivasha magari ya dunia hubeba spea mbili, spea yetu moja ilikuwa na kiraka.

Mwishowe nilinunua manne mapya, ya kampuni ambayo hakuna mtu kwenye gurupu yetu ya WhatsApp aliyewahi kuitaja. 7,200 kila moja. Tredwea 340, alama A kwa kusimama kwenye maji, na tarakimu zake nne zilionyesha hayajafikisha mwaka. Mjomba alifunga bure. 1,200 iliyobaki ikaenda kwa welibalansi.

Kuna mambo mawili ambayo ningetaka yawe kwenye makala yangu. Siku ya koni naongeza upepo kidogo mbele ili mabega yasijikunje, na Jumapili hiyohiyo jioni, tairi likishapoa, narudisha kwenye kipimo cha kibandiko cha mlangoni. Na kila baada ya miezi michache mbele yanahamia nyuma, nyuma yanakuja mbele.

Mama nilimwambia ukweli jikoni. Alikasirika siku tatu. Ya nne akasema anataka kukiona hicho kinachokula matairi yake.

Akaja, na mwavuli na machungwa. Sekunde 41, koni sifuri, nikawa wa tatu kutoka mwisho. Gari lilianza kuteleza mbele polepole, likinionya mapema, nami nikapata nafasi ya kulegeza mguu. Lile la zamani lilikuwa likiachia ghafla tu. Nilishuka nikiwa na furaha kuliko mtu aliyeshinda.

Mama alikuwa anamenya chungwa. "Yule wa gari jekundu mbona amekushinda?"

"Ana matairi mengine, mama. Laini zaidi."

"Pesa ngapi?"

Nikamtajia. Akanyamaza kidogo, akanipa nusu ya chungwa.

"Kwa moja?" akauliza.