Dawa Tuliyoambiwa Tuingoje

Mume wangu alianguka shambani, hapa Puge, tukivuna mpunga. Mdomo ukapinda, mkono wa kulia ukalegea, sauti ikakatika. Majirani wengine walisema amerogwa. Mama mkwe akasema hospitali, na neno lake likawa la mwisho. Tukampeleka Ndala. Presha ilikuwa juu sana, tukapewa rufaa ya Bugando, Mwanza.

Huko alipigwa picha ya kichwa kwa CT-Scan. Daktari akanionyesha kwenye kioo. Ubongo wote kijivu, lakini upande wa kushoto palikuwa na doa jeusi, pana kama kiganja cha mtoto. Damu ingekuwa imemwagika, akasema, pangekuwa peupe. Huu ni mshipa ulioziba. Moyo nao ulikuwa ukidunda ovyo, na bonge la damu lililouziba mshipa huenda lilitoka huko.

Nikaomba dawa ya kuzuia damu isigande tena. Akasema, bado. Sehemu iliyokufa ni kubwa na mishipa yake imedhoofika. Tukiwahi kumpa, damu inaweza kuvujia humo humo. Tuichunge presha, tungoje picha ya pili.

Usiku ule sikulala. Dawa ipo. Hapewi. Wa kitanda cha pili anapewa. Akikoroma, naogopa. Akinyamaza, naogopa zaidi. Shemeji akasimama, anataka kwenda kununua vidonge nje ya geti. Nikamshika mkono. "Shemeji, lile doa umeliona. Kaa tusali." Akakaa. Tukashika rozari mpaka kukapambazuka.

Picha ya pili haikuwa na weupe. Damu haikuvuja. Baadaye dawa ikaanzishwa, nami nikalia mbele za watu.

Leo anatembea kwa fimbo na ananiita jina langu. Namshukuru Mungu, nawashukuru ndugu waliouza ng'ombe kwa ajili yetu. Lakini akilala mno mchana, bado namgusa kifuani.

Wewe uliye na mgonjwa sasa hivi, usimpe aspirini nyumbani kabla ya picha. Kwa macho hakuna ajuaye kama mshipa umeziba au umepasuka. Na ukiambiwa dawa ingoje, uliza wanaogopa nini, na picha ya pili ni lini. Mimi niliuliza kila asubuhi, nikajibiwa.