Bahasha ya walimu wa kidato cha nne

Ukimya wote ule ni fildi, wiki nane za kushika chaki, na nimerudi na kitu kinachonisumbua kuliko UE: motisha.

Shule niliyopangiwa (ya binafsi, jina naliacha) inawalipa walimu wa kidato cha nne kwa kila A ya mtihani wa taifa. Idara ya sayansi 30,000 kwa A moja, idara ya lugha na sanaa 15,000. Waliobaki wanakunywa soda. Siku ya kugawa, ofisi ya walimu upande mmoja ilikuwa harusi, upande wa pili msiba.

Sisemi wote walipwe sawa. A ya Fizikia haiokotwi, na mwalimu wa sayansi akiondoka kumpata mwingine ni kazi. (Mimi ni wa Kiswahili na Historia, kwa hiyo nalisema hilo huku nimeuma meno.) Ila yule fundi sanifu wa maabara jamani! Mtihani wa vitendo wa Kemia uko mikononi mwake. Akikosea kupima tindikali, darasa zima limekwenda na maji. Naye kundi la soda. Mwalimu wa kidato cha kwanza, anayepokea watoto waliosoma miaka saba kwa Kiswahili akawavusha kwenye Kiingereza, naye soda.

Basi kila mtu anagombea vipindi vya kidato cha nne. Kidato cha kwanza tukaachiwa sisi wa fildi, mikondo miwili, watoto 110. Yaani msingi wa shule anajenga mtu ambaye hata chuo hajamaliza, halafu miaka mitatu baadaye mwingine anachukua bahasha.

Darasani tulisoma nadharia ya usawa ya J. Stacy Adams, ya miaka ya 1960. Kwamba mfanyakazi haangalii chake tu, anapima jasho lake na anachopata, kisha anachungulia cha jirani. Akiona mizani imelala, anapunguza jasho. Kuna mwalimu wa kidato cha pili pale, tangu siku ya bahasha madaftari yalilala mezani kwake mpaka naondoka.

Na si kwamba motisha ni mbaya. Twaweza walijaribu KiuFunza mwaka 2013 na 2014 katika shule za msingi za serikali, darasa la kwanza hadi la tatu: mwalimu 5,000 kwa kila mtoto aliyefaulu somo, mwalimu mkuu 1,000. Utafiti uliochapishwa 2019 ulionyesha watoto walipanda zaidi pale motisha ilipokwenda pamoja na ruzuku ya shule. Mimi niliganda kwenye ile 1,000. Mwalimu mkuu hakuwa yeye wa kuwafundisha watoto wale kusoma, lakini kuna mtu alikaa akajiuliza nani mwingine anabeba mzigo huu, akamwekea fungu lake mapema. Tena pesa ikapelekwa darasa la kwanza, kule ambako shule yangu ingepeleka watu wa fildi.

Nilimuuliza mtaaluma kwa heshima zote: mzee, fundi wa maabara hata 2,000 kwa kila A ya sayansi? Akasema yule hana somo. Nikasema ana masomo matatu. Akacheka, akaniambia nikimaliza chuo nikafungue shule yangu.

Haya, mliokuwa fildi shule nyingine, kwenu mtu wa maabara alipata nini?