Meza Iliyobeba Behewa

Nilipokuwa darasa la sita, katika shule moja viungani mwa mji wa Nakuru, tuliamrishwa kuandika insha kuhusu ajabu tuliyopata kusimuliwa na wazee wetu. Wenzangu waliandika habari za mazimwi na fisi wageukao watu. Mimi niliandika kwamba hapo kale, kabla reli haijapata njia ya kuteremka katika Bonde la Ufa, mabehewa ya garimoshi yalishushwa kwa kamba, moja baada ya jingine, kila moja likiwa limetulia juu ya meza yenye magurudumu. Daftari liliporejeshwa, ukurasa wangu ulikuwa na neno moja la wino mwekundu lililoukata kutoka pembe hadi pembe: "Uongo." Zimwi la jirani yangu, lenye jicho moja na mikia saba, lilipata alama thelathini na sita kwa arubaini.

Habari ile sikuizua. Niliipokea kwa babu, naye aliipokea kwa babake mzazi. Babu alikuwa mtu wa reli. Alianza kazi Nakuru akiwa kijana, kwenye mabanda ya vichwa vya garimoshi, enzi za Mwingereza, akaendelea chini ya shirika la pamoja la Afrika Mashariki hadi lilipovunjika mwaka 1977, na baadaye chini ya shirika la Kenya mpaka alipostaafu. Mikono yake ilinukia grisi hata siku za Krismasi. Babake hakuajiriwa katika reli. Alikuwa mtoto wa kuchunga mbuzi kwenye miteremko iliyo karibu na Kijabe wakati chuma kilipofika huko, na kwa kuwa mbuzi hawahitaji kutazamwa kila dakika, alipata wasaa wa kuwatazama watu.

"Mjukuu wangu," babu alikuwa akiniambia, "ile meza ilikuwa na miguu mirefu upande wa bondeni na mifupi upande wa mlimani. Kwa hiyo mlima uliinama, lakini behewa halikuinama. Lilikaa sawa kama sinia la chai. Lililojaa likishuka, ndilo linalolipandisha lililo tupu. Yalikutana katikati ya mlima yakapishana, bila moshi wala ng'ombe wa kuvuta."

Jioni ile ya wino mwekundu nilifika nyumbani nikiwa na hasira ya mtoto aliyechekwa na darasa zima. Nilimkuta babu ameketi na nyanya pamoja na wageni wawili waliotoka Elburgon. Hata sikuamkua. Nilisema, "Babu, mwalimu amesema wewe ni mwongo." Ukweli ni kwamba mwalimu hakutamka neno hilo juu ya babu. Hakumjua, na mimi katika insha sikuwa nimemtaja. Yeye aliandika juu ya insha. Mimi ndiye niliyelibeba neno lile na kwenda kulitua kichwani mwa mzee mbele ya wageni wake. Jambo hili sijapata kulisimulia popote kabla ya leo.

Babu hakujibu. Kesho yake, Jumamosi, nilimwona akining'iniza kapi kuukuu kwenye tawi la mparachichi, akapitisha kamba ya katani, na kila ncha ya kamba akaifunga kopo tupu la mafuta ya kupikia. Akaniita, "Njoo uone." Nikamwambia naenda kucheza mpira. Makopo yale yalibaki mtini msimu mzima wa mvua, yakashika kutu. Babu aliendelea kunisimulia mambo mengi, ya mashamba, ya vita, ya bei ya viazi, lakini habari za reli hakunigusia tena. Alifariki nikiwa kidato cha kwanza.

Nilikuja kukutana na ile meza katika Chuo Kikuu cha Egerton, Njoro, mahali ambapo reli yenyewe hupita ikipanda kuelekea Molo na Mau. Nilikuwa natafuta jambo jingine kabisa. Tulikuwa tumepewa kazi ya kukusanya istilahi za usafiri, nami nikachukua kitabu kikubwa cha historia ya reli ili nihesabu majina ya vyombo. Nilipofungua kurasa za picha, niliona mlima umeinama, behewa halikuinama. Chini ya behewa kulikuwa na chombo chenye umbo la pembetatu, kirefu upande wa bondeni na kifupi upande wa mlimani. Nilikifunga kitabu. Nikakifungua tena.

Sasa niruhusu, msomaji mpenzi, nieleze mtambo huu kwa utulivu kidogo, maana unastahili. Ujenzi wa Reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka 1896, na tarehe 30 Mei 1899 reli ikafika Nairobi. Kutoka hapo ardhi hupanda hadi nyanda za Limuru, kisha hukatika ghafla. Yeyote aliyewahi kusafiri kutoka Nairobi kuja Nakuru anaijua pale pumzi inapomkwama: Longonot mbele, na bonde chini ya miguu. Njia ya kudumu ya garimoshi kuteremka ukingo ule ilihitaji kuchonga majabali na kujenga madaraja juu ya makorongo, kazi ambayo isingekamilika upesi. Lakini kila mwezi wa kungoja ulikuwa na gharama yake, na Ziwa Viktoria lilikuwa bado mbali. Wahandisi, chini ya mkuu wao George Whitehouse, wakaamua kutosubiri. Wakajenga njia ya muda ya kuteremkia kwa kamba za chuma.

Njia hiyo iligawanywa vipande vinne. Katika kile cha juu kabisa na kile cha chini kabisa mteremko ulikuwa na nafuu, hivyo behewa liliteremka kwa magurudumu yake lenyewe, limefungwa kamba. Vile viwili vya katikati ndivyo vilivyokuwa na kitisho: kwa takriban kila hatua mbili za kwenda mbele, chombo kilishuka hatua moja. Behewa la kawaida likiachiliwa hapo, shehena yote ingemwagika upande mmoja. Ndipo ikabuniwa ile meza, ikawekewa reli yake pana kuliko ile ya mita moja iliyotumiwa na garimoshi. Behewa lilisukumwa juu ya meza, likafungwa, kisha uzito wake wenyewe ukawa ndio injini. Lililojaa likashuka, tupu likapanda, breki zikizuia pupa ya mlima. Babu hakukosea hata mguu mmoja.

Mtambo ulifanya kazi kuanzia mwaka 1900 hadi mwaka 1901. Kwa njia hiyo vyuma vya reli viliteremshwa, na mataruma ya chuma, na chakula cha wafanyakazi waliokuwa mbele. Reli iliyofika Nakuru mwaka 1900 iliteremka katika Bonde la Ufa kwa kamba kabla ya kulazwa ardhini. Mji huu wetu, pamoja na majigambo yake yote, uliingia duniani ukiwa umening'inia. Malkia Viktoria alifariki Januari 1901, kamba ikiwa bado inazunguka. Njia ya kudumu ikakamilika mwaka huohuo, mtambo ukaachwa, na tarehe 20 Disemba reli ikafika ziwani, mahali palipoitwa Port Florence, ndipo Kisumu ya leo.

Wanaosoma juu ya enzi ya Viktoria hupenda kuchekeshwa na uvumbuzi wake, na kwa kweli vichekesho vipo. Daktari mmoja wa mji wa Whitby, George Merryweather, alipeleka kwenye Maonyesho Makuu ya London ya mwaka 1851 chombo cha kutabiri dhoruba kilichotumia ruba kumi na wawili, kila mmoja katika chupa yake. Ruba akihisi dhoruba hupanda hadi shingoni mwa chupa, na akifika huko hufyatua kitu kinachogonga kengele. Alitamani serikali iweke ruba zake katika pwani yote ya Uingereza, serikali haikutaka. Brunel, mhandisi ambaye jina lake halihitaji kutetewa, alijenga huko Devon reli iliyoendeshwa kwa kufyonza hewa katika bomba lililolazwa katikati ya njia. Ufa wa bomba ulizibwa kwa ngozi iliyopakwa mafuta, na ngozi ikaharibika. Baada ya mwaka mmoja hivi, mnamo Septemba 1848, mradi ukafungwa.

Mvumbuzi ninayempenda kuliko wote ni Magnus Volk wa Brighton. Yeye alijenga garimoshi la umeme lililotembea ndani ya bahari, sitaha yake imeinuliwa juu ya miguu minne yenye urefu wa mita saba hivi, magurudumu yakipita juu ya reli zilizofunikwa na maji. Lilikuwa na nahodha na mashua ya kuokolea watu. Lilifunguliwa Novemba 1896, na hazikupita wiki mbili kabla dhoruba kuliangusha. Likatengenezwa, likajikongoja hadi mwaka 1901. Tazama miaka hiyo: 1896 hadi 1901, ndiyo ileile ya reli yetu. Wakati meza moja yenye miguu mirefu ilikuwa ikiwatembeza wastaarabu baharini ili wastarehe, nyingine ilikuwa ikishuka ukingo wa Kijabe imebeba vyuma.

Lakini hapa ndipo ninapogombana na vitabu vya vichekesho. Ruba wa Whitby wanakumbukwa. Garimoshi la baharini la Brighton linakumbukwa. Vilishindwa kwa namna inayochekesha, na kicheko ni hifadhi nzuri. Meza yetu haikushindwa. Ilifanya kazi iliyotakiwa, ikaondolewa, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kuicheka wala ya kuililia. Kuna binamu yake mmoja huko Uingereza, reli ya gengeni ya Lynton na Lynmouth iliyofunguliwa mwaka 1890, ambayo huendeshwa kwa uzito wa maji: gari la juu hujazwa maji, likashuka likimvuta mwenzake. Hiyo ipo hadi leo na watalii hulipa nauli. Ingekuwa ya Kijabe ingalipo, naamini tungeipigia picha za arusi.

Isitoshe, uvumbuzi una wenyewe kwenye karatasi tu. Jina la Whitehouse nimelikuta. Majina ya walioshika breki sikuyakuta katika kitabu kile. Kutoka Bara Hindi waliletwa wafanyakazi 31,983 kwa ajili ya reli yote, na 2,493 kati yao walikufa. Takwimu hizo zimeandikwa hadi tarakimu ya mwisho. Mtoto aliyesimama na mbuzi akaona yote, akayahifadhi kwa usahihi wa miguu mirefu na mifupi, hakuwa na mahali pa kuandikwa ila kichwani mwa mwanawe, na mwanawe akayatia kichwani mwangu, mimi nikayatema.

Katika ile kazi ya istilahi nilitakiwa kutaja jina la mtambo kwa Kiswahili. Kamusi zilinipa kapi na roda, ambavyo ni viungo tu vya mtambo kama huu. Niliandika "meza ya mteremko". Mhadhiri alilizungushia neno hilo mduara, akauliza pembeni: "Chanzo?" Nikaandika chini yake: "Babu." Alilipitisha.

Likizo iliyofuata nilishuka ukingoni kwa matatu nikiwa nimeshikilia nakala ya ile picha, nikiikodolea macho miteremko kila tulipozunguka kona. Niliona mashamba, miti, na wauzaji wa ngozi za kondoo kando ya barabara. Pa kamba sikupaona. Abiria mwenzangu aliniuliza kama natapika.

Nyumbani nilimkuta nyanya akichambua maharagwe. Nikampa ile karatasi. Aliigeuza huku na huku, akaisogeza mbali na macho, akaitazama kwa muda mrefu.

"Sasa hii umemletea nani?" akauliza.

Sikuwa na jibu. Nilikwenda nyuma ya nyumba. Kapi lilikuwa bado pale mtini, limekwama kwa kutu. Nililipaka mafuta, nikatafuta makopo mawili na kamba mpya, nikatia mawe katika kopo moja na kuliacha jingine tupu. Nililiachilia. La mawe likaporomoka, tupu likaruka likagonga tawi, mawe yakatawanyika hadi penye kuku. Nilijaribu mara ya pili kwa mawe machache, mambo yakawa yaleyale.

Nyanya alikuwa amenifuata na ungo wake mkononi.

"Unaiachia," alisema. "Yeye hakuwa akiiachia. Aliikanyaga kamba kwa kidole gumba, hapa, ikawa inapita polepole. Siku ile alikesha akijifunza, ili akuonyeshe."

Nikayaokota mawe.