Kutoka Beni hadi Butembo: feza ya mtoto anayehamia masomo

Katika makundi yetu swali moja linarudi kila mara: mtoto akitoka Beni kwenda kusoma Butembo, ataishi na nini? Sisi walimu tuliosoma kule, na ambao tunasindikiza vijana kila mwaka, tunaomba tuwatembeze njia hiyo, kituo kwa kituo.

Safari ni ya kilometa 54 hivi. Tunaacha joto la Beni, tunapita vijiji kama Maboya na Kabasha, na barabara inaendelea kupanda. Butembo iko juu, zaidi ya meta 1,700, na asubuhi ukungu unalala juu ya vilima. Ndiyo maana feza ya kwanza ni ya blanketi na nguo ya baridi. Inunuliwe mapema, kwa bei ya kupatana, kabla mtoto hajaanza kukohoa.

Kwa nini waende mbali? Beni pia ina masomo ya juu: Chuo Kikuu cha Kikristo cha Lugha Mbili kiko pale tangu 2007, na kuna Chuo Kikuu cha Serikali cha Semuliki. Lakini anayetafuta udaktari, wa watu ama wa nyama, mara nyingi anatazama Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, kilichoanzishwa Butembo mwaka 1989 na Askofu Emmanuel Kataliko. Basi swali la kwanza la bajeti ni hili: somo analotaka liko karibu na nyumbani? Kitanda cha kwa mama hakilipiwi.

Kuna wengine wanaokwenda kwa sababu ya usalama. Tangu Oktoba 2014 mauaji ya kuzunguka Beni yamefukuza watu wengi mashambani. Mama asiyeweza kufika kwenye kakao yake hana feza ya kupoteza. Kila franka inayokwenda Butembo imetoka mbali.

Tukifika mjini, tunatafuta chumba. Mwenye nyumba anaomba garanti, yaani kodi ya miezi kadhaa mara moja. Muombe karatasi iliyotiwa sahihi, maana feza hiyo inapaswa kurudi siku ya kutoka. Usidanganywe na chumba cha bei ndogo kilicho mbali. Hesabu pamoja nasi: kwenda na kurudi kwa moto siku 22 za masomo ni safari 44 kwa mwezi. Zidisha kwa bei ya safari moja, halafu linganisha na chumba cha karibu. Wanafunzi wawili wakishirikiana chumba, kodi inagawanyika. Kwa binti, tazama kwanza kufuli, lupango na choo, na maji yanachotwa wapi.

Sokoni, nchi yetu inatusaidia kama tunaijua. Mafuta ya mawese, mchele na unga wa muhogo vinapanda kutoka upande wa Beni: mfungie mtoto akiondoka. Viazi, maharagi, vitunguu na mboga vinatoka milima ya Lubero: hivyo anunue kule kule. Lakini maharagi yanachelewa kuiva kwenye mwinuko wa juu, yanakula makala. Ayalaze ndani ya maji usiku, na apike pamoja na jirani kwenye mbabula moja.

Sasa tugawe. Tuseme mama anatuma dola 50 kwa mwezi. Hii si bei ya soko, ni mfano wa kujifunzia. Sehemu ya chumba 15, chakula 20, makala na maji 5, silabisi na fotokopi 5, akiba ya ugonjwa 5. Minervali haimo humo. Iwekwe mbali tangu mwanzo. Kodi mara nyingi inahesabiwa kwa dola, soko kwa franka, kwa hiyo asibadilishe zote siku moja.

Feza ya chakula igawanywe kwa majuma manne, kila moja na bahasha yake. Tunasisitiza hapo kwa sababu juma la tatu ndilo linaloangusha. Binti aliyeishiwa anaanza kukopa kwenye kibanda cha kartie. Siku nyingine mwenye kukopesha anadai malipo ambayo si ya feza. Wamama, tuseme wazi: njaa ya majuma mawili inaweza kukatisha masomo ya binti. Binti ajue kabla ya kuondoka kwamba anaweza kupiga simu na kusema “mama, imeisha”, na hatatukanwa.

Kundi linaweza kusaidia. Wenye AVEC, pangeni mzunguko wenu umalizike kabla ya Oktoba, ili mgawo ufike wakati wa kulipa garanti na minervali. Sanduku la msaada likubali pia mwanafunzi aliyekwama. Na wamama wa Butembo, kama mna mtoto wa Beni karibu na lupango lenu, mwiteni jumapili moja ale bugali na sombe pamoja nanyi. Muulizeni juma lake limekwendaje.

Jioni hii, kaeni na mtoto mezani na karatasi moja. Yeye mwenyewe aandike hesabu, nanyi msome.